Jina la fundi lisisuguliwe kwa msasa

Mhariri,

Majuzi gazeti lako lilichapisha picha ya mgeni wa heshima akizungusha hendeli ya sanamu ya mbao kwenye maonyesho ya sanaa hapa Nairobi. Chini ya picha mliandika jina lake, cheo chake, na hata jina la bwana aliyesimama nyuma yake akipiga makofi. Fundi aliyeitengeneza sanamu hamkumtaja. Mimi niliijua kazi yake hata kabla sijavaa miwani. Hendeli zake huzikunja kutokana na spoku ya baiskeli, na pale pa kushika hupavika kipande cha mpira wa pampu ili mtu asichomwe kiganja. Katika mafundi ninaowafahamu, hakuna mwingine afanyaye hivyo.

Lawama si ya gazeti peke yake. Mngekuwa wa kwanza, ningenyamaza.

Mimi hutengeneza vyerehani katika soko la Jericho, kazi niliyorithi kwa marehemu baba yangu, na kwa miaka mingi hela inayobaki baada ya kodi na karo imekuwa ikiishia kwenye sanamu za mitambo. Kwa asiyezijua, hizi ni sanamu ndogo, aghalabu za mbao, bati na waya, zinazosimama juu ya kisanduku. Ukizungusha hendeli iliyo ubavuni, walio juu wanaamka. Kinyozi ananyoa, mzee anasogeza kete ya drafti, makanga ananing'inia mlangoni mwa matatu. Hakuna betri wala umeme. Ndani ya kisanduku mna shafti, na kwenye shafti mna visahani vya mbao ambavyo si duara kamili. Kila kimoja kina tumbo mahali pake. Tumbo likipita chini ya kijiti linakisukuma juu, likishapita kijiti kinashuka, na huko juu mkono wa mtu unainuka na kuanguka. Ndiyo kamu hiyo. Mafundi wa magari wanaijua, na yeyote aliyewahi kufungua cherehani ya zigzagi ameiona, maana ndiyo inayoiamuru sindano iende kushoto au kulia. Pengine ndiyo sababu ugonjwa huu ulinipata mapema. Jirani yangu wa kibanda, muuza vitambaa, husema nanunua vitu vya watoto kwa bei ya watu wazima.

Chukua ile ninayoipenda kuliko zote. Juu ya kisanduku cha mgrevilea chenye urefu wa shibiri moja amesimama mama mboga na karai la nyanya kichwani, na nyuma yake askari wa kanjo ameinua rungu. Zungusha. Kanjo anachupa mbele, rungu linashuka, na linapofika mama hayupo. Keshateleza upande wa pili wa kibanda na karai lake, hata nyanya moja haikudondoka. Zungusha tena, anamkosa tena. Nilipoigeuza na kuchungulia ndani niliuona ujanja wake: kamu ya kanjo na kamu ya mama ziko kwenye shafti moja, ila zimepishana robo mzunguko, kwa hiyo mama hutangulia daima. Uzungushe pole pole au mbio, huwezi kumsaidia kanjo. Tena kuna kamu ya tatu, upana wake hauzidi sarafu ya shilingi, ambayo sikujua ni ya nini hadi binti yangu alipoitambua kazi yake. Kila mzunguko, mkono wa kushoto wa kanjo, ule usio na rungu, huchomoza nyuma ya kiuno chake ukiwa wazi, kiganja juu, kisha hurudi. Atuambie nani hicho ni kitu cha kuchezea watoto.

Ninaowanunulia ni wachache. Mmoja ana benchi Gikomba katikati ya wachongaji wa vinyago, na hutumia vipande vya jakaranda ambavyo wenzake wanavitupa. Mwingine hufua masanduku ya bati Kamukunji mchana kutwa. Nyundo za wenzake zinaponyamaza jioni ndipo anapoanza zake, za bati tupu, zilizokatwa kutoka makopo ya rangi. Wa tatu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa Kayole, na huchora kila kitu kwanza kwenye karatasi ya mistari kabla hajagusa msumeno. Waulize walijifunzia wapi, jibu ni moja: gari la waya. Yale tuliyoyasukuma utotoni, usukani mrefu unaofika kifuani, magurudumu ya ndara zilizokwisha. Ule usukani ukigeuza magurudumu ya mbele ndio ulikuwa mtambo wao wa kwanza, na hakuna aliyewafundisha.

Msomaji atauliza, mbona wewe mwenyewe huwataji? Niliwaomba ruhusa. Mwalimu alisema si sasa. Wa Kamukunji alisema mwenye nyumba wake husoma gazeti hili, na akijua mpangaji wake anauza sanamu kwa watalii atampandishia kodi. Wa Gikomba, ambaye ndiye wa kwenye ile picha, alisema anataka jina lake liandikwe chini ya kazi yake, si ndani ya barua ya malalamiko ya mteja wake. Sikuwa na la kujibu. Majina yao yamo kwenye daftari langu pamoja na mwaka na bei niliyolipa, na atakayerithi rafu zangu atayakuta.

Asiyetaka kutajwa ana haki yake. Ninayemgombea ni yule aliyejitaja mwenyewe kisha akafutwa, na hilo nimeliona kwa macho. Katika duka moja la vinyago, kwenye jumba la maduka upande wa Westlands, nilikuta kazi ya mwalimu. Ni kwaya ya kanisa, waimbaji wanafungua midomo kwa zamu, na sauti ya nne inachelewa kidogo, jambo ambalo mwalimu alilipanga makusudi kwa kuichonga kamu yao na tumbo lililokaa nyuma kidogo. Bei ilikuwa Sh28,000. Nilikuwepo siku alipomwuzia dalali kwa Sh6,000, na alirudi nyumbani akiona amepata. Hilo la bei ni biashara, sina neno. Lakini mwalimu huandika jina lake na mwaka chini ya kila kisanduku kwa msumari wa moto, na nimemtazama akifanya hivyo. Pale dukani niliigeuza. Chini palikuwa pamepigwa msasa hadi mbao imekuwa nyeupe kuliko kwingine kote, na juu ya ule weupe kuna kibandiko chenye bendera kikisema kimetengenezwa Kenya kwa mikono. Nikamwuliza kijana wa mauzo, mikono ya nani?

"Ya mafundi wetu wa kijijini, mama."

Mwalimu amezaliwa Pumwani.

Mwenye duka nilimpata, na kusema kweli hakunikwepa. Alinipa kiti na soda, akasema: mama, nikiliacha jina, mteja anaingia kwenye simu, anamtafuta fundi, anamwendea moja kwa moja, na mimi nabaki na kodi ya duka. Hoja hiyo si ya kipuuzi, hata mimi nina kibanda cha kulipia. Ila kuna mahali walifanya kinyume chake, na haikuwavunjia biashara.

Mwaka 1979, katika mji wa bandari wa Falmouth huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, mama aitwaye Sue Jackson alifungua duka la kazi za mikono akaliita Cabaret. Miongoni mwa aliowauzia ni Peter Markey, aliyekuwa mwalimu wa sanaa, ambaye sanamu zake za mbao zilikuwa nyepesi, za rangi chache, hazina mbwembwe. Paul Spooner naye akaleta zake. Huyu alipenda kumchonga Anubis, yule mungu wa Misri ya kale mwenye kichwa cha mbweha. Wakaja akina Ron Fuller, Keith Newstead na Tim Hunkin. Mama huyo hakuziuza zote. Nyingine alizibakiza watu wazione zikicheza, na katikati ya miaka ya 1980 akazihamishia Covent Garden, London, ambako wageni walizichezesha wenyewe. Ukumbi wa pale ulifungwa mwaka 2000, lakini mkusanyo bado huzungushwa kwenye maonyesho. Hunkin mwaka 2015 alifungua ukumbi wake London, nyingi za mashine zikiwa zake mwenyewe, za kuchekesha na za kukejeli. Carlos Zapata alitoka Colombia akaenda kufanyia kazi yake hukohuko Cornwall.

Sasa msikilize mkusanyaji yeyote wa sanamu hizi akijisifu. Hakwambii nina kinyago cha Uingereza. Anakwambia nina Spooner, nina Markey. Jina ndilo analolinunua, na kwa ajili ya jina hulipa zaidi ya bei ya mbao, na ile ziada inapita kwanza mkononi mwa mwenye duka. Yule wa Westlands anajisugulia faida yake mwenyewe kwa msasa. Nilimwambia hivyo. Alicheka, akaniongezea soda.

Wala si kwamba Nairobi haijui kutaja. Cyrus Kabiru, mzaliwa wa hapa hapa, aliokota takataka za jiji akazifanya miwani anayoiita C-Stunners, na dunia ikamjua kwa jina lake. Miwani ile aliivaa mwenyewe usoni akapigwa picha. Dalali angepiga msasa wapi?

Kuna kisa ambacho huwasimulia mafundi wangu, nao hawachoki kukisikia. Novemba 1928, taasisi ya Franklin Institute huko Philadelphia, Marekani, ilipokea mashine ya zamani ikiwa vipande vipande, iliyokwisha kuunguzwa na moto. Familia iliyoitoa iliamini ilitengenezwa na mtu aitwaye Maelzel. Fundi wa taasisi akakaa nayo, akaiunga, akainyoosha, ikarudi kuwa kijana aliyekaa mbele ya meza na kalamu mkononi. Wakaipandisha springi. Kijana akaanza kuchora. Ana picha nne na mashairi matatu, mawili ya Kifaransa na moja la Kiingereza, na katika shairi mojawapo, pembeni kwenye mapambo, akaandika kwa Kifaransa kwamba limeandikwa na mashine ya Maillardet. Ndivyo walivyojua. Henri Maillardet, fundi saa Mswisi aliyefanya kazi London, ndiye aliyeitengeneza karibu mwaka 1800, na wenye mali walikuwa wamekwisha kumpa sifa mtu mwingine.

Nataka msomaji aone jinsi alivyofanya. Picha zote na mashairi yote yamo kwenye visahani vya shaba vyenye kingo za mabonde na vilima. Kalamu hupanda na kushuka kwa kuzifuata kingo hizo. Kamu, zile zile. Kwa hiyo jina lake Maillardet hakuliandika chini ya kisanduku, alilikata ndani ya kamu zenyewe. Dalali angetaka kulifuta ingembidi aiue mashine.

Upande wa pili wa mambo kuna chui milia wa mbao aliyetengenezwa kwa ajili ya Sultan Tipu wa Mysore, kusini mwa India, mwishoni mwa karne ya 18. Amemlalia Mzungu na kumng'ata koo. Ukizungusha hendeli ubavuni mwa chui, mkono wa Mzungu unapanda na kushuka na kilio kinatoka, maana ndani mna mivukuto na kinanda kidogo. Waingereza walimchukua mwaka 1799 walipouteka mji wa Tipu na kumuua mwenyewe, na sasa yuko Victoria and Albert Museum, London. Dunia nzima humwita Chui wa Tipu. Tipu hakushika patasi. Waliomchonga chui yule hawajulikani hadi leo, na hakuna springi utakayoipandisha akawataja.

Sisi wakusanyaji hatuhitaji kuombewa, majina yetu hubaki. Ingia Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, uone ukumbi unaoitwa kwa jina la Joseph Murumbi, mkusanyaji wa sanaa aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa nchi hii. Alistahili, na nawasihi watu wapite hapo badala ya kungojana tu nje kwenye ngazi. Lakini mkusanyaji amelipa pesa tu, na ukuta amepata.

Tena kuna pesa ya fundi mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ilirekebishwa mwaka 2019, ikampa msanii asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Asilimia 5 ya ile kwaya ni Sh1,400. Kwa mwenye duka si kitu, kwa mwalimu ni gundi na vipande vya mbao vya kutosha sanamu nyingine. Haya, atamdai nani, kwa ushahidi gani, na chini ya kisanduku pameng'aa?

Nilipompelekea mwalimu habari za msasa hakukasirika nilivyotarajia. Alinyamaza, akavuta karatasi yake ya mistari. Siku hizi jina analichoma kwenye ukingo wa kamu, upande unaogusana na kijiti, ili kila mzunguko kijiti kiliguse. Wa Kamukunji hupiga herufi mbili kwa nyundo na patasi kwenye bati la ndani, kisha hufunga kisanduku kwa riveti. Kukifungua ni lazima ukivunje. Wa Gikomba bado huandika chini kwa kalamu ya wino, jambo ambalo tumelibishania sana. Anasema asiyetaka kumjua hata akiandika kipajini atamfuta. Naendelea kumnunulia.

Kwa wenzangu mnaokusanya, au mnaotaka kuanza, swali la kwanza si bei. Ni nani ameitengeneza, na spoku ikikatika nimpelekee nani. Picha ya ukutani inaweza kukaa miaka hamsini bila kuguswa na isidhurike. Sanamu ya mtambo isiyozungushwa hukauka viungo. Izungushe, hata watoto wa wageni waruhusu, ila wasiizungushe kinyume, maana kamu nyingine zina ukuta upande mmoja na kijiti hukwama hapo na kuvunjika. Mvua za Aprili zikija, mbao hunywa unyevu na shafti hubana. Usilazimishe, ngoja jua lirudi. Mafuta ya cherehani usitie hata kama mimi ndiye ninayeyauza, kwa sababu mafuta hunyonywa na mbao na kukamata vumbi; sugua nta ya mshumaa au risasi ya penseli, inatosha. Ukiona unga mwembamba chini ya kisanduku, hao ni dumuzi. Ifunge sanamu vizuri uilaze kwenye friza wiki mbili. Mimi huomba nafasi kwa muuza samaki wa soko letu, na nakiri sanamu yangu ya kinyozi ilinuka mbuta hadi Krismasi, lakini dumuzi walikwisha. Na mwombe fundi akupe mchoro wake, hata wa penseli, uukunje uuweke ndani ya kisanduku. Al-Jazari, aliyemaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206 huko Diyarbakir, alichora na kueleza saa yake ya tembo kwa makini hata watu wa siku zetu wameweza kuitengeneza upya. Mchoro wa mwalimu wa Kayole hauna mapambo ya dhahabu kama nakala za kitabu kile, ila una vipimo.

Kwako Mhariri, nakuomba mpiga picha wako aulize jina la fundi pale pale anapouliza la mgeni. Fundi huwa yuko karibu, kwa kawaida karibu na mlango, akiogopa watu wasiivunje.

Na yeyote aliyenunua sanamu ya namna hii akakuta chini pamesuguliwa, ailete sokoni Jericho. Nitaifungua bure, tuchungulie kamu, spoku na namna waya zilivyofungwa. Ikiwa ni ya mmoja wa ninaowajua nitakwambia, akiruhusu. Ikiwa simjui, tutaipiga picha tupite nayo Gikomba na Kamukunji tuulize. Isiwe Januari tu, maana Januari ni sare za shule, na kibanda changu chote hujaa vyerehani vya watu.

Mama Vyerehani,
Jericho, Nairobi